Mwili Ulioponea Njaa

Wazee wa Tulia, kama wenzao kote Ukambani, walihesabu miaka kwa njaa. Mtu alizaliwa kabla ya njaa fulani au baada yake, na jina la njaa hiyo lilitosha kuonyesha umri wake mbele ya chifu, padri au karani wa kodi. Katika vilima hivyo vya Kitui mvua huja mara mbili kwa mwaka, ya Machi na ya Novemba, na ikikosekana misimu miwili mfululizo maghala hubaki matupu. Mwanamke aliyenenepa katika nchi ya namna hiyo alieleweka na kila aliyemwona sokoni. Shamba la kwao lilikuwa limetoa, nyumbani kulikuwa na mifugo, na kiangazi kikiwa kirefu angekuwa na akiba mwilini ya kumnyonyesha mtoto hadi mawingu yarudi.

Leo binti wa ukoo wa mwanamke huyo anaweza kupanda matatu asubuhi, akashuka Nairobi kabla ya saa sita mchana, akaketi mbele ya daktari na kumwomba amwondolee mafuta ya tumbo na ngozi inayoning'inia. Njia iliyotoka kwenye ghala tupu hadi kwenye meza hiyo ya upasuaji ni ndefu, na haikupita Ukambani peke yake.

Njaa iliyobaki vinywani kuliko zote ni Ngomanisye, ya mwaka 1898 na 1899. Mvua zilikosa. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupukutishwa na sotoka katika muongo huo huo. Ndui ikaingia kwa watu ambao miili yao haikuwa tena na nguvu ya kupigana nayo. Reli ya Waingereza ilikuwa ikipanda kutoka Mombasa, na mwezi Mei 1899 ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi. Lakini kwa mtu wa Kitui reli ilikuwa mbali na chakula kilikuwa mbali zaidi. Familia zilitembea kuelekea Embu na Ukikuyu kutafuta nafaka. Wasichana na wanawake vijana waliwekwa rehani kwa jamaa za huko ili waliobaki nyumbani wapate kula, na wengi wao hawakukombolewa. Huko Ikutha, kusini mwa Kitui, ambako Walutheri wa Misheni ya Leipzig walikuwa na kituo, kifo kilikuwa jambo la kila siku.

Mwaka huo huo wa 1899, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, daktari wa magonjwa ya wanawake aliyeitwa Howard Kelly alimlaza mwanamke mnene na kumkata kipande cha ngozi na mafuta ya tumbo. Kipande hicho kilikuwa na urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 31 na unene wa sentimita 7. Kilipopimwa kilikuwa na uzito wa kilo 7.45. Madaktari wa Ufaransa walikuwa wamejaribu jambo linalofanana na hilo karibu miaka kumi kabla yake, lakini Kelly ndiye aliyeliandika kwa undani na kulipa sura ya upasuaji unaofundishika.

Nimeweka matukio haya mawili pamoja kwa makusudi, na simlaumu mgonjwa wa Kelly. Mtu anayebeba kilo saba za nyama ya tumbo anaumwa mgongo, ngozi yake inachubuka, na kutembea kunamchosha. Ninachotaka msomaji aone ni kwamba historia ya mafuta ya mwili ilikuwa na pande mbili tangu mwanzo, na kwamba vilembwe wa wanawake walioponea Ngomanisye walikuja kukutana na mkato ule ule wa Baltimore.

Isidhaniwe pia kwamba kuubadilisha mwili kwa ajili ya uzuri kulikuja Ukambani na wageni. Msomi wa Kiswidi, Gerhard Lindblom, aliyeishi na Wakamba kuanzia 1910 hadi 1912, alieleza jinsi meno ya mbele yalivyochongwa yakawa na ncha, na jinsi mwili ulivyopambwa kwa makovu. Kuchongwa meno kuliuma. Vijana walivumilia kwa sababu bila hayo walijiona hawajakamilika. Na tumbo la mzazi lilikuwa na matunzo yake. Kuanzia pwani hadi bara, wanawake wameshikilia desturi ya kumfunga mzazi leso kwa nguvu kiunoni, kumkanda na kumpa uji, ili tumbo lirudi. Anayesema kwamba mwanamke wa kijijini hajali umbo lake hajakaa na wakunga.

Upasuaji wa plastiki wenyewe, yaani ufundi wa kuhamisha ngozi na nyama kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine, ulipata sura yake ya kisasa vitani. Mwaka 1917 Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliongoza hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyopokea askari waliopasuliwa nyuso na risasi na mizinga. Binamu yake, Archibald McIndoe, aliufikisha mbali zaidi katika vita vya pili, pale East Grinstead, akiwatibu marubani waliounguzwa na petroli. McIndoe alitambua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu, akaanza kuwalaza wagonjwa wake katika maji ya chumvi. Aliwapeleka pia mjini wakiwa na nyuso ambazo kazi yake haijakamilika, wanywe na kucheza dansi, kwa sababu aliamini kwamba mtu anayejificha hajapona.

Imani hiyo ndiyo iliyokuja Kenya. Mwingereza Michael Wood, daktari wa upasuaji aliyehamia nchini miaka ya 1940, alikwenda kusoma kwa McIndoe katika miaka ya 1950. Huko alikutana na Thomas Rees, kijana Mmarekani aliyekuwa akijifunza kwa mwalimu huyo huyo. McIndoe alikuwa na shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na huko ndiko watatu hao walikoketi na kupanga jinsi daktari mwenye ndege angeweza kuwafikia watu wasio na barabara. Mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari warukao ya Afrika Mashariki, iliyokua na kuwa AMREF, yenye makao yake katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. McIndoe alifariki 1960, Wood 1987, Rees 2013.

Watu wengi wanaijua AMREF kwa ndege na chanjo. Wachache wanakumbuka kwamba waanzilishi wake wote watatu walikuwa madaktari wa upasuaji wa plastiki, na kwamba Rees, aliporudi New York, alikuwa mmoja wa madaktari wa urembo waliotajwa sana katika jiji hilo, akiandika vitabu vya kufundishia ufundi wa kukaza nyuso za matajiri. Mikono iliyoondoa mikunjo ya uso Manhattan ndiyo iliyokuja Afrika Mashariki kushona midomo ya sungura ya watoto, kufungua vidole vilivyoshikana kwa moto, na kufunika mashavu yaliyoraruliwa na fisi. Rees hakuona kwamba hizo zilikuwa kazi mbili, na mimi naona alikuwa sahihi. Lakini kwa mgonjwa mpaka ulikuwepo, na ulichorwa na pesa. Mwanamke wa Kitui aliyemwona daktari wa plastiki katika miaka hiyo alipelekwa na jiko la mafiga matatu lililomwagikia mtoto wake maji ya moto, au na nyoka aliyemgonga shambani na kumwozesha mguu. Tumbo lililolegea baada ya uzazi wa saba halikuandikwa kwenye daftari la mtu yeyote.

Mwaka 1961 Ukambani ilipigwa tena. Ukame ulifuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, na chakula kikadondoshwa kwa ndege. Njaa hiyo ikaitwa Ndeke, yaani ndege, na walioishuhudia waliweza kueleza magunia yalivyoanguka. Desemba ya mwaka huo, upande wa pili wa Atlantiki, hema la sarakasi liliungua mjini Niterói, Brazil, na mamia ya watu wakafa, wengi wao watoto. Daktari Ivo Pitanguy aliwatibu walionusurika. Alieleza baadaye kwamba moto ule ulimfundisha uzito wa sura katika heshima ya mtu. Katika hospitali ya kanisa ya Santa Casa huko Rio de Janeiro alikuwa na wodi ambamo maskini walifanyiwa upasuaji kwa bei ndogo au bila malipo, na hakuwabagua waliotaka urembo. Mwaka 1967 alichapisha matokeo ya wagonjwa 300 aliowapunguza tumbo. Mkato wake ulipita chini kabisa, juu kidogo ya kinena, ili nguo ya kuogelea ifiche kovu.

Upasuaji huo, katika sura yake ya leo, huenda hivi. Mgonjwa hupewa nusukaputi. Daktari hukata kutoka nyonga moja hadi nyingine, kisha huinua ngozi na mafuta kutoka kwenye misuli hadi karibu na mbavu, akikiacha kitovu mahali pake. Kwa mwanamke aliyezaa mara nyingi, misuli miwili ya katikati ya tumbo huwa imeachana, na hapo hushonwa ikutane tena. Ngozi iliyozidi huvutwa chini na kukatwa, tundu jipya hufunguliwa kwa ajili ya kitovu, na mirija huachwa ndani ili kutoa maji. Kisha hufuata majuma ya kuvaa mkanda, kutembea umeinama, na kutobeba mtungi, kuni wala mtoto. Kwa mwanamke mwenye shamba majuma hayo ni gharama nyingine kando ya ile ya hospitali, na nadra kliniki kuitaja kwenye tangazo lake.

Njia ya pili, ya kufyonza mafuta, ilianza vibaya. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Charles Dujarier alijaribu kumkwangua mafuta mcheza dansi mjini Paris. Akaharibu mshipa wa damu, na mguu ukakatwa. Kwa miongo mingi waliobaki waliogopa kurudia. Katika miaka ya 1970 Waitaliano Arpad na Giorgio Fischer, baba na mwana, walitengeneza vyombo vya kunyonyea mafuta, na mwaka 1977 Yves-Gérard Illouz wa Paris akapata njia yake akimtibu mwanamke aliyekuwa na uvimbe wa mafuta mgongoni na asiyetaka kovu kubwa. Illouz alitumia mrija wenye ncha butu, usiokata mishipa kwa urahisi, pamoja na maji ya chumvi ya kulainisha mafuta. Mwaka 1985 daktari wa ngozi wa California, Jeffrey Klein, akaongeza jambo lililobadilisha biashara nzima: alijaza chini ya ngozi maji mengi yenye dawa ya ganzi na dawa ya kubana mishipa, hata mgonjwa akafyonzwa akiwa macho na damu ikatoka kidogo tu.

Hapo ndipo upasuaji ulipopata ruhusa ya kutoka hospitalini. Kazi iliyohitaji chumba kikubwa cha upasuaji, daktari wa usingizi na benki ya damu sasa iliweza kufanywa katika chumba cha kupanga ghorofani. Manufaa yake ni makubwa, kwa maana njia ya Klein ikifuatwa kama alivyoieleza ni salama. Lakini mlango uliofunguliwa hivyo uliingiza pia watu ambao Klein hakuwafikiria.

Ukambani wakati huo ilikuwa katika hali nyingine kabisa. Mwaka 1984 mvua ilikosa sehemu kubwa ya nchi, na Wakamba wakaita njaa hiyo Nikw'a Ngwete, maneno ya mtu anayekufa huku ameshika pesa mkononi, kwa sababu safari hii watu walikuwa na fedha na maduka hayakuwa na unga. Mahindi ya manjano ya msaada yaliliwa kwa shingo upande. Wasichana waliokuwa shule ya msingi mwaka huo ni mama wa watu wazima leo, na wengi wao hawatupi chakula hadi sasa.

Kizazi hicho ndicho kilichonenepa. Wanawake walihamia Nairobi, Machakos, Mombasa na Athi River kufanya kazi za ndani, za viwandani na za ofisini. Muthokoi na isyo, vyakula vya mahindi na kunde vinavyokaa tumboni kutwa, vikapisha chapati, chipsi, soda na mafuta ya kupikia ya kupimwa kibandani. Mwendo wa kwenda mtoni kuchimba maji mchangani ukaisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ule wa 2022, uliohesabu wenye miaka 20 hadi 49, ukakuta asilimia 45. Mwili uliofundishwa na njaa kuweka akiba uliendelea kuiweka hata njaa ilipokosa kufika.

Na wengine wakapungua: kwa sukari au shinikizo la damu lililowalazimisha kubadili chakula, kwa mazoezi, au kwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ambao siku hizi hufanywa Nairobi. Hapo huja jambo ambalo halitajwi na wanaosifu kupungua. Ngozi iliyonyooshwa kwa miaka hairudi yote. Mwanamke aliyepoteza kilo 40 hubaki na mkunjo wa ngozi unaofunika kinena, na mikunjo mingine chini ya mikono na mapajani. Jasho hujificha humo, upele na fangasi hufuata, na katika joto la Kitui hali huwa mbaya zaidi. Akiinama kuvuna pojo, mkunjo unasuguana na paja hadi ngozi inachubuka. Katika miaka ya 1990 Mmarekani Ted Lockwood alionyesha jinsi ya kukaza mwili kuzunguka kiuno chote, akishikiza utando ulio chini ya ngozi ili kovu lisivutwe, na hadi leo wagonjwa wa namna hii hutibiwa kwa kufuata kazi yake. Madaktari makini humtaka mgonjwa uzito wake uwe umetulia kwa miezi sita angalau kabla ya kumpasua, na humwambia wazi kwamba kufyonza mafuta si njia ya kupunguza uzito.

Mwanamke huyo wa ngozi iliyobaki humwita mtu yeyote mwenye kisu daktari wa urembo, na wenye bima humjibu kwa neno lilo hilo: urembo, haulipwi. Naliona jibu hilo kuwa dhuluma. Jeraha la chini ya mkunjo ni ugonjwa. Pitanguy angempokea katika wodi yake ya Rio. Akienda hospitali ya misheni ya Muthale au ile ya rufaa mjini Kitui atapewa dawa ya kupaka ya fangasi, nayo itamsaidia kwa muda, kwa maana madaktari wa upasuaji wa plastiki wa Kenya wamekusanyika mijini, na Nairobi hasa. Hospitali ya Kenyatta inao, lakini huko foleni hutangulizwa na walioungua, kama inavyopasa.

Basi soko likajaza pengo. Kufikia miaka ya 2010 kliniki za urembo zilikuwa zimeenea katika mitaa ya Nairobi kama Kilimani na Westlands, watu mashuhuri wa televisheni wakaanza kueleza upasuaji wao bila haya, na picha za kabla na baada zikafika kwenye simu zote, za Tulia zikiwemo. Bei ilikuwa mamia ya maelfu ya shilingi. Ukafuata mtindo wa kufyonza mafuta ya tumbo na kuyadunga kwenye makalio. Mwaka 2017 kikosi cha madaktari wa urembo kilikadiria kwamba upasuaji huo uliua karibu mgonjwa mmoja kati ya kila 3,000, kiwango kilichopita cha upasuaji mwingine wowote wa urembo. Sababu yake ni ya kimwili kabisa: chini ya misuli ya makalio kuna vena kubwa, na mrija ukizitoboa mafuta huingia humo, yakafika moyoni na mapafuni katika dakika chache. Mwaka uliofuata chama cha madaktari wa urembo wa Uingereza kikawashauri wanachama wake waache kuufanya.

Afrika ilikuwa imeonywa mapema zaidi. Oktoba 2005 Stella Obasanjo, mke wa rais wa Nigeria, alifariki Marbella, Hispania, baada ya kufyonzwa mafuta. Mrija ulikuwa umepita mahali usipopaswa na kutoboa utumbo na ini. Daktari wake alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja mnamo 2009. Mke wa rais, katika nchi tajiri, alikufa kwa kosa la sentimita chache, na bado hapa kwetu jambo hilo lilisomwa kama habari ya wakubwa.

Oktoba 2024 lilitufika. Mwanamke mmoja jijini Nairobi alifanyiwa upasuaji wa kufyonza mafuta katika kliniki ya urembo, akarudi nyumbani, hali ikaharibika, akakimbizwa hospitali kubwa na kufariki. Uchungu wa familia yake ulionekana na nchi nzima. Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno, KMPDC, likaamuru kliniki ifungwe. Mwezi huo huo, tarehe mosi, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilikuwa imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, na Wakenya walikuwa wakibishana kuhusu ni nini kitalipwa. Ngozi ya mwanamke aliyepungua uzito haikuingia katika mabishano hayo.

Niliposoma maoni ya watu baada ya kifo kile, kilichoniuma zaidi ni wepesi wa kumhukumu marehemu. Waliandika kwamba alijitakia. Wengi wa walioandika hivyo wana mama au shangazi anayejifunga leso mara mbili ili tumbo lisionekane kanisani. Hawakuuliza maswali yanayookoa uhai: nani alishika mrija, alisomea wapi, nani alisimamia usingizi, chumba kilikuwa na leseni ya kazi gani, na homa ilipopanda siku ya pili simu ya mgonjwa ilipokelewa na nani.

Maswali hayo yana majibu yanayopatikana. Sheria ya kuwasimamia madaktari, Sura ya 253, ipo tangu miaka ya 1970, na iliyokuwa Bodi ikageuzwa kuwa Baraza mwaka 2019. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999, kinawafundisha na kuwatahini madaktari wa plastiki, na Chuo Kikuu cha Nairobi kinao wanafunzi wa fani hiyo. Daktari wa plastiki huongeza miaka kadhaa ya mafunzo juu ya shahada yake ya kwanza. Kozi ya wikendi ya sindano za urembo haimfanyi mtu kuwa mmoja wao. Daftari la Baraza liko kwenye mtandao. Mwanamke aliye Tulia, kabla hajauza mbuzi au kuchukua mkopo wa chama, anaweza kuandika jina la daktari kwenye simu yake akaona kama amesajiliwa na kwa utaalamu gani, kisha akaandika jina la kliniki akaona kama ina leseni ya mwaka huo na ni ya daraja gani.